Waraka kwa Wauzaji wa Ardhi Tupu

Kwa mawakala, mabroka na wenye kampuni za kuuza ploti,
Kitengela, Kisaju, Isinya, Kiserian na Ngong.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima kwa kuwa tunajuana. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Kitengela. Mikataba yenu hupita mezani pangu: nafanya sachi ya hati, najaza fomu za bodi ya ardhi, na wazee wakija kutia sahihi mimi ndiye ninayewasomea kwa Kiswahili yale mliyoyaandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo msinidhanie adui wa biashara yenu. Riziki yangu inatoka humo humo, na nyumba ninayolala imejengwa kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia iliyomegwa kutoka malisho ya Wamaasai wa Kaputiei.

Nawaomba mlitazame upya neno moja mnalolitumia kila siku. Liko kwenye mabango yenu kando ya barabara ya Namanga, liko kwenye matangazo yenu ya redio, na liko mdomoni mwa vijana wenu wanaowapokea wateja stendi na kuwapakia kwenye gari la kwenda kuona ploti. Neno lenyewe ni "tupu". Ardhi tupu inauzwa. Ploti tupu, hati miliki iko tayari.

Kila kazi ina tupu yake, na katika kazi nyingi neno hili ni la kuaminika. Muuguzi akimwambia mgonjwa wa sukari aje asubuhi na tumbo tupu, maana yake asile chochote kwa saa nane au zaidi ili kipimo kisidanganye. Maji ya kunywa anaruhusiwa, maji matupu yasiyo na sukari wala majani ya chai. Muuza gesi hapa mtaani hupokea mtungi wako mtupu na kukupa uliojaa. Usipokuja na mtupu utalipia na chuma, na kile chuma si bei ndogo. Uzito wake umepigwa chapa pale pale juu, ili anayeuweka kwenye mizani ajue kilo ngapi ni za mtungi na ngapi ni za gesi. Mwalimu wa hesabu ana seti tupu isiyo na mwanachama hata mmoja, na bado ni seti halali yenye alama yake, nayo imo ndani ya kila seti nyingine. Hata katika ofisi yetu lipo. Mkataba ukisema muuzaji atakabidhi ardhi ikiwa tupu, ni ahadi ya siku moja, siku ya makabidhiano: asiwepo mpangaji, asiwepo ndugu aliyegoma kuhama, isibaki mali ya mtu. Mthamini wa kodi ya ardhi naye alifundishwa kukadiria thamani ya kiwanja kama vile hakijajengwa kitu, hata kama kina ghorofa tano. Ghorofa anaiona vizuri. Sheria ndiyo iliyomwambia asiihesabu.

Watu hawa wote, ukiwauliza "tupu ya nini?", wana jibu. Muuguzi atasema chakula. Muuza gesi atasema gesi. Wakili atasema watu na mali yao. Mthamini atasema majengo. Swali hilo hilo nikiwauliza ninyi, waheshimiwa, sijawahi kujibiwa.

Aliyenifundisha kuliuliza ni mzee mmoja aliyekuja ofisini kuuza ekari zake. Nilimsomea mkataba kipengele kwa kipengele. Nilipofika kwenye kile cha kukabidhi ardhi ikiwa tupu, akainua mkono. "Tupu ya nini?" Nikamweleza: ya watu, ya nyumba, ya mifugo. Akafikiri, kisha akasema watu hakuna na nyumba hakuna, lakini njia ya ng'ombe wa majirani kwenda mtoni inapita katikati, na hiyo hakuifungua yeye, aliikuta. Alitaka mnunuzi aambiwe. Wakala aliyekuwa ameketi kando yake akamwambia, "Iko tupu, mzee, wewe weka kidole." Mzee akaweka kidole. Ile njia haikuandikwa popote. Leo kuna ua wa nyaya hapo, na kila msimu nyaya zinakatwa, na mwenye ploti anapeleka ripoti polisi kwamba amevamiwa.

Huyo mnunuzi hakuvamiwa na mtu. Aliuziwa njia ya watu kwa jina la ardhi tupu, na aliyejua alikaa kimya.

Niruhusuni niwaeleze kidogo kilichomo ndani ya hiyo tupu yenu, kwa sababu baadhi yenu mnaiona siku ya kuweka bikoni za mipaka tu, sovea akiwa na haraka na jua likiwa kali. Mfugaji wa Kaputiei hutenga malisho karibu na boma kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu. Wanaita olopololi. Hapo ng'ombe wakubwa hawaruhusiwi, na ndiyo maana nyasi zinasimama na hamwoni hata kwato. Kuiacha hivyo ni kazi. Kuna mtoto anayefukuza mifugo hapo kutwa nzima na kuna wazee wanaotoza faini. Zaidi ya olopololi kuna uwanda wa mvua na uwanda wa kiangazi. Mnapopita mwezi wa kiangazi kwenye uwanda wa mvua hamwoni ng'ombe, nanyi mnapiga picha. Mmepiga picha ya chumba ambacho mwenyewe ametoka kidogo.

Wanyama wa porini nao wana kalenda yao. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, nayo imezungushiwa ua pande zote isipokuwa kusini, upande wetu, mpaka ukiwa mto. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia hutoka kuja kwenye nyasi fupi za Kitengela na Kaputiei, na nyumbu huzalia huku. Kiangazi kikibana hurudi mbugani kwenye maji. Hesabu zilizofanywa kwa ndege zinaonyesha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa uwanda huu walizidi 20,000; sasa wamebaki wachache sana ukilinganisha na wale. Hawakuisha kwa bunduki peke yake. Waliishiwa na njia, ua baada ya ua, ploti baada ya ploti, na kila moja iliuzwa ikiitwa tupu.

Na wapo waliowahi kuilipia hiyo tupu ili ibaki ilivyo. Kuanzia mwaka 2000 palikuwa na mpango hapa Kitengela ambapo mwenye ardhi alilipwa shilingi 300 hivi kwa ekari kwa mwaka, kwa masharti kwamba asijenge ua, asilime, asiuze. Malipo yalipangwa yaangukie majira ya karo, na watoto wamesomeshwa kwa fedha hizo. Shilingi 300 haziwezi kushindana na bei zenu, hilo nalikubali. Lakini tangu siku ile hakuna mtu wa Kitengela anayeweza kusema kwa moyo safi kwamba ardhi isiyo na nyumba haina kazi inayofanya. Kazi hiyo ilikuwa na mkataba, na ilikuwa na mshahara.

Vivyo hivyo milima ya Ngong. Wazee wa huko walikuwa wakiambiwa kwamba juu kwenye mgongo wa mlima hakuna kitu, ni upepo mtupu. Mwaka 1993 ikasimamishwa mitambo miwili ya majaribio kwa msaada wa Ubelgiji, mwaka 2009 kituo kikaanza kuzalisha megawati 5.1, kikaongezwa hadi megawati 25.5. Ule upepo mtupu sasa unapimwa kwa mita na kuuzwa. Kiswahili kilikuwa na akili kuliko waliolidharau neno hili, maana kwetu tukisema uongo mtupu tunasema ni uongo wenyewe, hauna kingine ndani yake, na asali tupu ni asali isiyochanganywa na kitu. Upepo mtupu wa Ngong ulikuwa upepo wa kweli, na waliojua kuupima ndio waliofaidika.

Sasa nije kwenye sababu iliyonifanya nichukue kalamu. Neno hili lina historia mbaya katika ardhi hii, na nataka mjue mnaposimama.

Miaka ya 1880 na 1890 Wamaasai walipigwa na homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka, ndui na njaa, kimoja nyuma ya kingine. Ng'ombe waliisha, watu walikufa kwa wingi, na waliobaki wakahama kwenda kuombea maisha kwa majirani. Waingereza walipofika na reli yao waliona nyanda zisizo na watu. Mwaka 1899 wanasheria wa serikali yao kule London wakatoa maoni kwamba katika nchi isiyo na utawala unaotambulika, ardhi iliyo tupu na isiyokaliwa ni ya Taji. Mwaka 1902 ikaja sheria ya ardhi ya Taji, na walowezi wakaanza kupewa. Sheria hiyo ilimlinda mwenyeji pale tu alipokuwa anakalia ardhi kwa macho ya ofisa. Akihama, hata kama amehama kufuata mvua kama walivyofanya babu zake, ardhi ilikuwa wazi kwa mwingine. Mwaka 1904 Wamaasai wakatolewa Bonde la Ufa kwa mkataba, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine wakabanwa huku kusini. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, na wa Laikipia nao wakahamishwa. Walipeleka kesi mahakamani, na mwaka 1913 wakashindwa, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya dola na dola na mahakama haina mamlaka juu yake. Watu walewale waliokuwa hawana utawala unaotambulika ardhi ilipochukuliwa, walionekana kuwa dola kamili walipotaka kuidai.

Kajiado hii mnayoiuza vipande vipande ni sehemu ya ardhi waliyoachiwa. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 ikaleta ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwanachama akapata hati yake. Kiwanda cha saruji na eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje pale Athi River vikaleta wafanyakazi, wafanyakazi wakataka nyumba, na ninyi mkazaliwa. Sina ugomvi na hilo. Kaunti ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009 na 1,117,840 mwaka 2019, na watu hao hawawezi kulala juu ya miti. Wengi wenu ni vijana wa hapa hapa, na baadhi yenu baba zenu waliketi kwenye kamati za ranchi. Ndiyo maana inaniuma zaidi. Mlowezi wa mwaka 1902 angeweza kusema hakujua njia ya ng'ombe ilipita wapi. Ninyi mmeipitia mkichunga.

Na mnunuzi, ambaye mnasema mnamtumikia, anapata nini katika tupu hii? Nawaona wateja wenu wakifika ofisini. Ni mwalimu aliyechukua mkopo wa chama cha akiba, ni dada anayefanya kazi za nyumbani Doha na kutuma fedha kila mwezi kwa kaka yake. Mnawauzia "thumuni ya ekari". Ekari ina futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000. Zile 445 zimekwenda barabarani, na barabara ni lazima iwepo, sawa. Lakini kwa nini tangazo liseme thumuni na mkataba useme hamsini kwa mia? Mteja wangu mmoja alilipigia hesabu jambo hili kwenye simu yake mbele yangu, mara tatu, akidhani ni yeye aliyekosea.

Mahali ambapo neno tupu lingekuwa la kweli, hapo ndipo hamlitumii. Ploti nyingi za ndani zaidi ya lami ni tupu ya maji. Kisima kikichimbwa, maji huja na chumvi, na mengi ya Kajiado yana floridi ya kutosha kuyafanya meno ya watoto yawe ya kahawia. Ni tupu ya mtaro pia, kwa hiyo mwezi wa Aprili ile barabara ya mita tisa inayoonekana kwenye ramani yenu huwa bwawa. Udongo ni ule mweusi, ambao mvua ikinyesha unavimba na kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia. Fundi hawezi kuweka msingi juu yake. Ni lazima auchimbe wote autoe mpaka afike kwenye mwamba, ajaze maramu, ndipo aanze. Hiyo ni fedha ambayo yule dada wa Doha hakuambiwa. Kisha, kwa kuwa hana ya kujengea, ploti inakaa. Na ikikaa, sheria yetu inasema mtu akiikalia waziwazi bila ruhusa yake kwa miaka 12 anaweza kwenda mahakamani kuomba iwe yake. Mlimwambia ni tupu, naye akaamini kwamba kitu kitupu hakina haja ya kulindwa.

Juni 2012 simba 6 waliuawa kwa mikuki hapa Kitengela baada ya kuingia boma usiku na kula mbuzi. Kila gazeti liliandika. Wapo wakazi wapya waliokuja ofisini wiki ile kuuliza, kwa hasira ya haki, kwa nini hawakuambiwa kwamba ardhi yao iko kwenye njia ya simba. Sikuwa na la kuwajibu, na ninyi hamkupokea simu zao. Kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo ulioanza mwishoni mwa 2020 wakazi hao walikuja tena, safari hii kwa sababu ng'ombe walikuwa wamevunja ua na kula maua. Ng'ombe wale walikuwa wanakufa, waheshimiwa. Mizoga ilikuwa kando ya barabara tangu Isinya hadi Bissil. Wanyama hawakuwa wamekuja kufanya uhalifu; walifuata malisho ya akiba yaliyokuwa pale kabla ya ua, na mwenye ua hakuwahi kuambiwa kwamba alinunua akiba ya mtu.

Kuna utupu mmoja zaidi, na huu ndio unaoniudhi kuliko yote. Bodi ya ardhi hutaka mke na watoto wakubwa wafike, waulizwe kama wamekubali kuuza. Fomu zenu huja zikiwa zimejazwa vizuri, na pale pa familia pameandikwa jina moja, au hakuna. Nikiuliza, naambiwa "mzee yuko peke yake". Halafu baada ya miezi mitatu mama anafika na watoto wanne, ardhi ikiwa imeshauzwa na mifugo haina pa kulala. Mmemwandika mama wa watu kuwa tupu. Kwa hili siwezi kuwaficha: fomu ya namna hiyo ikifika tena mezani pangu sitaipeleka mbele, na nimeshamwambia hivyo wakili wangu, naye amekubali.

Mengine naomba kwa upole. Siwaombi muache kuuza, wala siwaombi mpunguze bei. Naomba tangazo liseme kilichopo. Nimewaandikia mfano, mtauona ni mfupi kuliko mabango yenu:

Ploti inauzwa, Kisaju. Futi 50 kwa 100, yaani futi za mraba 5,000. Kilomita nne kutoka lami. Barabara haipitiki wakati wa mvua kubwa. Udongo mweusi, mwamba uko futi sita chini. Kisima cha jirani kina chumvi. Pima floridi kabla ya kunywa. Upande wa mashariki hupita njia ya ng'ombe kwenda mtoni, imeachiwa futi 30 na imechorwa kwenye ramani. Nyumbu na punda milia hupita mvua ikianza. Mke na watoto wa muuzaji wamekubali mbele ya bodi.

Nimewaonyesha wateja wawili tangazo hilo kama lilivyo. Mmoja aliondoka. Mwingine aliuliza jirani wa upande wa mashariki anaitwa nani, akaomba apelekwe kumsalimia kabla ya kulipa.

Msifiche tena. Leteni matangazo yenu ofisini siku yoyote ya kazi, kabla hayajapelekwa kwa mchoraji wa mabango. Nitasahihisha Kiswahili chake bila malipo, na penye neno "tupu" nitawauliza ni tupu ya nini, tuandike jibu pamoja.

Wenu katika kazi,
Karani, Kitengela